Anti, mguuni kwangu kuna kitu kinatembea

Shikamoo Anti. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, nina miaka 34, mke mmoja na mtoto mmoja wa miaka minne, wa pili yuko njiani. Naomba jina langu usilitoe wala jina la shule, nikijulikana nimekwisha, utaona mwenyewe kwa nini.

Likizo ya mwezi wa sita tulienda Kigoma kwenye harusi ya mtoto wa baba mdogo, kijijini kabisa huko Buhigwe. Wageni walikuwa wengi kuliko vitanda, sa sisi tukalazwa nyumba ya nyuma, sakafu ya udongo, vumbi ukikanyaga linaruka, na mbuzi wanalala upande wa pili wa ukuta na usiku wengine wanaingia ndani kabisa mnalala nao. Ndala nilikuwa nazo ila unajua tena kijijini, unavua mlangoni afu unasahau, siku nzima unatembea peku kama ulivyokuwa mtoto. Tulikaa siku tisa. Baada ya hapo tukashuka Kigoma mjini siku tatu kusubiri treni, tukawa tunashinda ufukweni tunakula migebuka ya kuchoma, viatu pembeni, miguu tumeifukia kwenye mchanga chini ya mti maana jua lilikuwa kali, na mbwa nao wamelala hapohapo wanasubiri miba. Raha kwa kweli.

Tumerudi Tabora, haijapita wiki, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikaanza kuwasha pembeni ya ukucha, ile kuwasha tamu ya kukuna. Nikapuuza. Sa hivi pana kivimbe cheupe kama punje ya kunde na katikati kuna kidoa cheusi, na kisiginoni kipo kingine hivohivo. Juzi nilikibinya kikatoa vitu vyeupe vidogovidogo kama chicha, nikaogopa nikaacha.

Hiyo ni kushoto. Kulia ndo balaa. Kwenye uvungu wa unyayo kilianza kipele kama cha mbu, kesho yake kukawa na mstari mwekundu umeinuka kama mtu kapitisha uzi chini ya ngozi, na kila siku unaongezeka Anti, unaongezeka unapinda unarudi, sa hivi ukiuangalia ni kama mto Malagarasi kwenye ramani. Usiku ndo unawasha mpaka nalia. Duka la dawa nilipewa krimu ya fangasi ya elfu sita nimepaka siku kumi na nne hakuna kitu.

Mama mkwe ameuona huo mstari kasema moja kwa moja, baba umekanyaga. Eti huko harusini kuna mtu alitega. Ameniletea mtaalamu, mzee mmoja mpole tu, kaangalia kasema ni nyoka ametupwa, anataka elfu themanini na kuku, afu anichanje kwa wembe kichwani mwa mstari amtoe. Mi ni mwalimu wa sayansi Anti, lakini unapoona kitu kinatembea kwenye mwili wako saa nane za usiku hiyo sayansi inakukimbia. Jirani naye anasema nitumbukize miguu yote kwenye mafuta ya taa.

Mke wangu naye ana mstari kama wangu ila mfupi, kisiginoni, na ana ujauzito wa miezi miwili na nusu. Mtoto hana mstari ila ana vidoa viwili vyeusi kwenye vidole vya miguu.

Sasa aibu yangu. Mi ndo mwalimu wa afya shuleni. Kila Jumatatu paredi nakagua kucha na miguu. Mwaka jana kuna mtoto wa darasa la tatu nilimtoa mbele kwa sababu ya funza, nikamwambia arudi nyumbani akaoge, watoto wakacheka. Leo nachechemea kwenye viatu vya kufunika na soksi, mwalimu mkuu kaniuliza nikamwambia niliumia kwenye bonanza la walimu. Nahisi kabisa cha mguu wa kushoto ni funza lakini mdomo hautaki kusema.

Je hiki ni kitu kimoja au viwili? Nikubali kuchanjwa? Mke wangu atumie dawa gani? Nisaidie mwanao.

Mwalimu, Tabora

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka kwenye mto Malagarasi, ya pili nikafika kwenye yule mtoto wa darasa la tatu nikaacha kucheka. Tutarudi kwake.

Kwanza ondoa hofu. Mimi unesi nimeufanya miaka mingi, mingine huko huko mwisho wa reli, na miguu kama yako nimeishika mingi sana. Una vitu viwili tofauti, kila mguu na chake, na havijuani kabisa. Cha kushoto kimekaa. Cha kulia kinatembea. Ukishika hilo umeshika nusu ya kazi, maana dawa ya kile haimgusi huyu na dawa ya huyu haimgusi yule, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela na wiki.

Kabla hujaendelea kusoma nenda kachukue peni ya bluu. Leo kabla ya kulala, washa tochi ya simu, angalia mwisho wa huo mstari upande ambao ni mwekundu zaidi na unawasha zaidi, weka nukta hapohapo. Asubuhi angalia tena. Ukikuta mstari umeivuka nukta kwa upana wa kidole au nusu yake basi umeshamjua ni nani bila kumlipa mtu elfu themanini. Fangasi haifanyi hivo. Fangasi inatanuka taratibu kama doa la mafuta kwenye karatasi, inakwanyua ngozi katikati ya vidole, inatoa harufu, haichori mto. Ndo maana krimu yako haikufanya kitu, na dukani hapo hukuvua kiatu wala hawakukuambia uvue, au siyo? Uliwaambia tu miguu inawasha.

Huyo anayetembea ni kitoto cha mnyoo wa mbwa na paka. Iko hivi. Mbwa ana minyoo tumboni, anajisaidia kwenye mchanga, mayai yanaanguliwa humo, na vitoto vinakaa vinasubiri mbwa mwingine apite, hasa mchanga wa kivulini wenye unyevunyevu ambao jua haliukaushi. Wewe ukaja ukafukia mguu chini ya mti. Kitoto hakina macho ya kujua huyu ni mwalimu au ni mbwa, kimesikia joto la ngozi kimeingia. Ila kwako kimekosea nyumba. Kwa mbwa kingepenya mpaka kwenye damu kikafika tumboni kikawa mnyoo mkubwa, kwa binadamu hakina uwezo wa kuvuka ngozi ya ndani, kwa hiyo kimebaki kinazunguka kwenye ngozi ya juu kinatafuta mlango ambao haupo. Huo mstari wako ni njia ya mtu aliyepotea.

Hakiendi kwenye moyo, hakiendi kichwani, hakitagi, hakizaliani humo. Hata usipofanya chochote kitakufa chenyewe, ni suala la wiki kadhaa, wengine miezi. Tatizo ni kwamba utakuwa umekesha muda wote huo, na kukuna kunatoboa ngozi, na ngozi ikitoboka vijidudu vya usaha vinaingia, hapo sasa unakuwa na ugonjwa wa kweli. Na usijione umeonewa peke yako. Wazungu wanaokuja kulala kwenye fukwe zetu wanarudi nao makwao kila mwaka, kwenye maradhi ya ngozi ya wasafiri waliotoka nchi za joto huu ni mmoja wa wale wanaoongoza, na kule madaktari wao wasioujua nao huwapa krimu ya fangasi.

Sasa yule mzee na wembe wake. Simtukani, pengine anaamini anachokifanya. Lakini mwanangu hata mtu akichanja vizuri kwa kisu cha hospitali hamkuti. Mstari unaouona ni pale alipopita, yeye mwenyewe yuko mbele ya mstari, sentimita moja au mbili kwenye ngozi ambayo ukiitazama ni nzima kabisa. Kwa hiyo atachanja, patatoka damu, na kama ana kijiti au kiuzi mkononi utaonyeshwa nyoka, wewe utarudi nyumbani na kidonda kwenye uvungu wa mguu, sehemu unayoikanyagia vumbi la Tabora kutwa nzima, kwa wembe ambao hujui jana ulikuwa kwenye mguu wa nani. Ukimwi na homa ya ini B vinapita hapo. Usikubali. Kwa mama mkwe usiingie kwenye mabishano ya uchawi hutashinda, mwonyeshe nukta ya peni, mwambie mama naomba nimeze kwanza dawa ya hospitali, mstari ukikataa kusimama tutaongea. Hapo umemheshimu na umeokoa kuku.

Dawa yake ni ya kumeza. Iko ivamektini, dozi moja tu, inapigwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, yani mtu wa kilo 60 ni miligramu 12. Ikikosekana kuna albendazoli, ile dawa ya minyoo unayowagawia wanafunzi wako, ila shuleni mnatoa kidonge kimoja siku moja na hapa haitoshi, ni miligramu 400 kila siku kwa siku tatu, daktari anaweza kukupeleka mpaka saba. Na hiyo albendazoli kwa ugonjwa huu imeze na chakula chenye mafuta, inaingia mwilini vizuri zaidi, mawese uliyobeba kutoka Kigoma yamepata kazi. Lakini usikimbilie dukani kujipimia mwenyewe, nenda hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu, vua kiatu wauone mguu, sema nimetoka safari nilikaa mchangani. Hayo maneno "nimetoka safari" ndo yanamfungua macho daktari. Muwasho unaanza kupungua ndani ya siku chache, ila mstari wenyewe utabaki unafifia wiki moja mpaka mbili, usije ukasema dawa imeshindwa ukameza tena. Kipimo chako ni peni. Ukiona hauvuki nukta ujue amekufa.

Mkeo. Hapa nataka uwe makini. Ujauzito wa miezi miwili na nusu, asimeze ivamektini na asimeze albendazoli, hata kama umebakiza vidonge na vinamtazama mezani. Mnyoo huu haumfikii mtoto tumboni, dawa ndo inamfikia. Aende kliniki aseme ana mimba kabla hajasema anawashwa, wampe kitu cha kutuliza muwasho kinachofaa kwa mjamzito, akande kwa kitambaa cha maji baridi usiku, kucha azikate fupi. Mstari wake ni mfupi, utaisha wenyewe. Na akiwa hapo kliniki aulize kupimwa choo na wingi wa damu, kwa sababu iko minyoo mingine, ya binadamu sasa, ile ya safura, inaingia kwa njia hiyohiyo ya kutembea peku, isipokuwa yenyewe haipotei njia, inafika kwenye utumbo inakaa inakunywa damu, na mjamzito damu yake ina mwenyewe.

Haya tuhamie kushoto. Umesema mdomo hautaki kusema, acha niseme mimi. Ni funza. Kivimbe cheupe, nukta nyeusi katikati, pembeni ya ukucha na kisiginoni, umelala siku tisa kwenye vumbi na mbuzi, hata mtoto wa darasa la tatu angekuambia.

Ila najua hujawahi kumwelewa vizuri huyu mdudu ingawa unamkagua kila Jumatatu, kwa hiyo nikuchoree. Ni kiroboto, mdogo kuliko wote, milimita moja tu. Jike linaingia kichwa mbele kwenye ngozi, linabaki limekutolea makalio nje. Ile nukta nyeusi ndo makalio yenyewe mwanangu, hapo ndipo anapopumulia, anapojisaidia na anapotagia. Kichwa kiko ndani kinanyonya damu yako. Siku mbili za kwanza unaona doa jekundu linawasha, baada ya hapo tumbo linajaa mayai linavimba mpaka linafika ukubwa wa kunde yako, ndani ya wiki moja au mbili. Zile chicha ulizozibinya ni mayai, anatoa mamia. Yanaanguka chini, yakikuta mchanga mkavu uliolegea yanaanguliwa baada ya siku tatu nne, na baada ya wiki tatu au nne viroboto vipya vinaruka kutafuta mguu. Yeye mwenyewe anafia humohumo ndani ya wiki nne mpaka sita, panabaki gamba jeusi linakauka linadondoka.

Kwa hiyo ukikuta lile gamba jeusi kavu lisilouma, huyo ameshakufa, mwache, safisha tu. Anayehangaikiwa ni huyu mweupe aliyevimba. Najua nyumbani kila mtu ni fundi, mtu ana pini, mwingine mwiba wa mlimao, wanakupiga pozi chini ya mwembe wanakutoboa. Ubaya wake siyo kwamba hatoki, anatoka. Ubaya wake ni kwamba akipasuka nusu ikabaki ndani panaumuka, na ile pini ikitoka kwako inaenda kwa mtoto inaenda kwa jirani. Zahanati wanamtoa kwa sindano safi ya kwako peke yako, wanapanua kidogo mlango ule wa nukta, wanamtoa mzima kama kiini cha kunde, wanapasafisha wanafunga. Dakika chache kwa kila mmoja. Kuna pia mafuta ya dimetikoni, majimaji fulani mepesi sana yanapenya kwenye kile kitundu yanamziba pumzi, bila kutoboa. Wenzetu Kenya waliyajaribu kwa watoto, matokeo yakatoka 2014, mguu mmoja wanapaka haya mwingine wanaloweka kwenye ile dawa ya zambarau, pamanganeti, na baada ya siku saba kwenye dimetikoni funza 78 katika kila 100 walikuwa wamekufa, kwenye zambarau 39. Kama kituo chenu wanayo ombeni hayo, hasa kwa mtoto maana sindano ataipigia kelele.

Mafuta ya taa hapana. Petroli hapana. Vinachoma ngozi, na ngozi iliyoungua juu ya kidonda cha funza ni kualika usaha, na kopo likibaki chini ya kitanda mtoto wa miaka minne anaweza kulinywa. Mwambie jirani asante.

Na ile ivamektini utakayomeza kwa ajili ya mguu wa kulia usitegemee itamuua huyu wa kushoto. Ilijaribiwa Brazil kwa watu wenye funza, vidonge vya kumeza, haikusaidia. Ndo ile niliyokuambia mwanzo, havijuani.

Kwa hiyo mtoto wako mwenye vidoa viwili na hana mstari hahitaji kumeza chochote, anahitaji funza wawili watolewe. Mtu akitaka kumpa ivamektini "kwa usalama" muulize kwanza mtoto ana kilo ngapi, chini ya kilo 15 haitolewi.

Pepopunda. Hili nalisema peke yake kwa sababu linaua na watu wanalisahau. Tundu la funza na udongo wa zizi ni njia yake kabisa. Mkeo atapata chanjo kliniki, mtoto alishapata zile za utotoni kama kadi yake imejaa, wewe mwanaume ndo wa kuuliza, maana nyie mkishatoka mgongoni mwa mama hamchanjwi tena mpaka mkanyage msumari. Ukifika waambie wakuangalie chanjo. Na usisubiri kabisa kama mguu unavimba na wekundu unapanda juu, kuna usaha, umepata mtoki, una homa, au taya zinakaza. Hayo ni ya siku hiyohiyo siyo ya Jumatatu. Mtu mwenye kisukari yeye hata funza mmoja tu aende, asijitoboe.

Hapo Tabora kwako, kama sakafu ni ya saruji ondoa wasiwasi wa ndani, pigeni deki. Nje ndo pa kuangalia, udongo wenu ni kichanga, na wewe umekuwa ukikaa kibarazani na ndala huku mguu unadondosha mayai. Funika vidonda mpaka vipone, vaa viatu, magamba na uchafu uliotolewa usiutupe uwanjani, choma moto.

Sasa aibu yako. Unajua huyu funza siyo mtu wa kwetu? Alitokea Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Angola na mchanga wa kuiletea uzito chini, funza wakawemo, kutoka hapo akatembea na misafara ya biashara akakata Kongo yote akaja kwetu, haikupita miaka thelathini akawa ameshafika pwani. Wale wazungu wawili mnaowafundisha watoto, Livingstone na Stanley, walipokutana Ujiji Novemba 1871, huyu mdudu alikuwa bado hajaikanyaga njia ya Ujiji na Tabora. Yani alikuja kwa safari kama wewe ulivyomleta kwa treni. Anapenda vumbi kavu na mnyama wa karibu, bas. Mtoto anaweza kuoga mara tatu kwa siku, akilala kwenye sakafu ya vumbi na mbuzi ataamka naye, kama ulivyoamka naye wewe mwenye shahada. Umeoga siku zote tisa za harusi, naamini uliogea sabuni ya kunukia, na ulipata.

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limewaweka wadudu wa ngozi kama hawa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na waliosahaulika hasa siyo wadudu.

Mpigie simu baba mdogo. Usimwambie "mmenipa funza", utaharibu undugu, mwambie mimi na familia tumetibiwa na tunawawaza watoto wa hapo, kama sisi wa siku tisa tumepata wawili wawili wale wanaolala humo kila siku wana wangapi. Mbuzi wapate banda lao, sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagia na isiribwe upya, na kama mnaweza kuchanga mifuko ya saruji kwa chumba kile wanacholala watoto, changeni, mlichanga harusi.

Yule mtoto sasa yuko darasa la nne. Huna haja ya kumwomba msamaha paredini, utamwaibisha mara ya pili. Mwite ofisini, uwe umeshatibiwa lakini bendeji bado ipo, vua soksi mwonyeshe. Mwambie mwalimu naye alipata, na nilipotibiwa ni pale, hawatumii pini. Afu muulize nyumbani kwao wanalala kwenye sakafu ya nini, na wadogo zake wangapi wanachechemea. Ukaguzi wa Jumatatu uendelee, miguu lazima iangaliwe, ila uhamishie darasani mmoja mmoja, na anayekutwa naye apelekwe zahanati siyo nyumbani, nyumbani ndo kwenye vumbi lenyewe.

Na mwalimu mkuu akikuuliza tena habari za bonanza, hiyo sasa ni juu yako, mimi sijasikia kitu.

Peni usisahau, leo kabla ya kulala.

Anti